Chuma Nyuma ya Vumbi

Nikianza na kile kikao nitatukana, na mimi ni mtu wa kanisani. Kwa hiyo nianze na Swabrah mwenyewe, nipoe kidogo.

Mimi naitwa Eucabeth, mama Ivy, Mjaluo wa upande wa Kenya. Nilikuja Mbale nikimfuata mume dereva wa lori. Mume akapata barabara nyingine na mwanamke mwingine, mimi nikabaki Nakaloke na karai langu la chapati. Asubuhi nauza hapo barabarani, na wale walimu wa chuo mjini Mbale wakiwa na mkutano wananipigia simu niwapelekee chai na maandazi. Ndiyo maana mambo haya sikuyasikia kwa watu. Nilikuwemo ndani, na birika mkononi.

Swabrah alikuja kupanga chumba changu cha nyuma alipoanza masomo ya uzamili. Msichana mrefu, mkimya, ushungi wake umefungwa vizuri, begi moja la nguo na jingine la vitabu, na juu ya yote kawa la kufunikia chakula, limesukwa kwa rangi zinazopiga kelele. Kwao wanaliita tabaga, na mama yake, Khadija, anajulikana Jinja nzima kwa kuyasuka. Ni Wanubi. Babu wa babu yake aliletwa na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, akazaa hapa, akazikwa hapa, na watoto wake wakazaa na kuzikwa hapa. Na hadi leo mtu akiwasikia wanaongea sokoni anawauliza, "Nyinyi kwenu ni wapi hasa?" Mimi Mkenya ninaulizwa mara chache kuliko wao. Ala! Dunia hii.

Baba yake, Mzee Muhamad, anachambua vyuma vikuukuu kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma huko Jinja. Swabrah alisoma kwa shida, akawa mwalimu wa fizikia kwenye shule moja huko Budondo, shule yenye maabara ya jina tu, na alipopata nafasi ya kuja Mbale, mtaa mzima ulimsindikiza mpaka stendi ya teksi. Alitaka kitu kimoja tu: apite uzamili vizuri, apewe nafasi ya kuendelea na uzamivu, awe daktari wa nyota. Hakulificha. Ukimuuliza anataka nini, anakujibu hivyo hivyo.

Siku ya kwanza kuona kazi yake nilidhani ni picha ya mgonjwa. Duara jeusi lenye mikono iliyojikunja na madoadoa kila mahali.

"Huyu ameshikwa na nini, ndui?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akakaa chini. "Ni galaksi, mama Ivy. Nyota nyingi zisizohesabika, ziko mbali nasi. Mimi natafuta makaburi ndani yake."

"Makaburi ya nani?"

"Ya nyota."

Akanieleza nikiwa nakanda unga. Nyota kubwa ikifa hailali kitandani, inalipuka. Mlipuko ule unasukuma wimbi kubwa, na wimbi linasaga vumbi lote linalokutana nalo. Sasa ndani ya lile vumbi mna chuma kimefungiwa. Vumbi likisagika, chuma kinatoka, kinachanganyika na gesi, kinang'aa.

"Chuma gani? Hiki cha karai langu?"

"Hiki hiki."

Nikamwambia ananidanganya. Hakubishana. Alichukua rimoti ya televisheni, akanipa simu yake ikiwa imewashwa kamera. "Niangalie mkononi kwa macho," akasema, akabonyeza rimoti. Sikuona kitu. "Sasa angalia kwenye simu." Yawa! Kwenye kioo cha simu, pale mbele ya rimoti, palikuwa na taa inawakawaka, nyeupe kabisa. Nikaondoa simu, hakuna. Nikarudisha, ipo. Ivy akatuona tumekaa tunaipiga picha rimoti, akadhani mama yake amerukwa na akili.

"Mwanga huo unaitwa infraredi," Swabrah akasema. "Macho yetu hayauoni, lakini upo. Chuma kilichotoka kwenye vumbi kinatoa mwanga wa namna hiyo. Na uzuri wake ni kwamba vumbi haliuzuii sana. Mwanga wa kawaida ukikutana na vumbi la galaksi unamezwa. Huu unapenya."

Basi kazi yake ilikuwa hiyo. Kuna darubini kubwa angani ambayo picha zake ziko wazi kwa kila mtu, ukiwa na intaneti na subira, na Swabrah alikuwa na subira kuliko intaneti. Anachukua picha ya mwanga wa chuma na picha ya mwanga wa haidrojeni, anazilinganisha. Mahali nyota zinapozaliwa, haidrojeni inang'aa sana, chuma kidogo tu kwa sababu bado kimefungwa kwenye vumbi. Mahali nyota imekufa, chuma kinapanda. Mimi nilifupisha: haidrojeni ni wodi ya wazazi, chuma ni makaburini. Alipenda, akawa anasema hivyo na yeye.

Wala hakuwa mtu wa kuona doa akashangilia. Aliniambia nyota kongwe nyekundu zinadanganya. Usipoziondoa vizuri kwenye picha zinaacha doa la uongo, linafanana na chuma. Nilimwona akirudia doa moja wiki nzima kisha anasema, "Hili si lenyewe," na analitupa. Mwenyewe, bila kuambiwa na mtu. Nakueleza haya ili ujue huyu msichana alikuwa wa namna gani.

Makaburi mazuri kuliko yote aliyapata chini ya mkono mmoja wa ile galaksi, mahali vumbi ni zito. Kwenye picha ya kawaida pale ni peusi kama chini ya sufuria. Kwenye picha ya chuma, palikuwa na vidoa vinang'aa wazi. Doa moja lilikuwa ndani kabisa, kwenye giza zito kuliko yote, na hilo alilipenda kama mtoto. Alichapisha picha kubwa ya rangi, akazungushia wino mwekundu kila doa, akampelekea baba yake Jinja. Mzee Muhamad akaibandika ukutani sebuleni, kando ya kalenda ya msikiti.

Nilikwenda kwao siku moja, nikamsikia akimwonyesha mgeni. "Hii ni kazi ya binti yangu. Na yeye anachambua chuma kikuukuu kama mimi, ila chake kiko mbali, hakuna lori la kukileta." Mgeni akacheka, mzee akacheka, Khadija akaleta chai. Ilikuwa siku nzuri.

Sasa tuje kwa Dokta Kirunda. Bwana Yesu nisaidie.

Dokta Kirunda ndiye aliyekuwa msimamizi wake. Mtu wa suti, anakohoa kabla ya kusema ili mnyamaze. Enzi zake alisomea makaburi hayo hayo ya nyota, lakini kwa njia ya zamani, ya mwanga wa salfa. Swabrah mwenyewe aliniambia njia ile ni nzuri: makaburini salfa nayo inang'aa, na mengi yamegunduliwa hivyo. Tatizo ni kwamba mwanga wa salfa ni wa kuonekana kwa macho, na vumbi linaumeza. Na mle idarani mwao kulikuwa na desturi aliyoiweka Kirunda, nao wakaifuata kama amri ya Musa: kila doa la mwanafunzi lazima liwekwe juu ya picha ya salfa. Salfa ikiwepo, ni kaburi. Salfa isipokuwepo, futa.

Umeelewa upuuzi uliopo hapo? Msichana ametafuta chombo cha kuona nyuma ya pazia. Wewe unamwambia, nitakubali ulichokiona nyuma ya pazia iwapo kinaonekana pia mbele ya pazia. Mimi niliishia fomu foo, na mbovu, lakini hilo lilinikera nikiwa bado nimeshika chapati.

Siku ya kikao cha kwanza nilipeleka chai. Swabrah alisimama mbele, picha zake ukutani. Alieleza vizuri. Alipofika kwenye ule mkono wenye vumbi, Dokta Kirunda akakohoa.

"Weka picha ya salfa juu yake."

Swabrah akaweka.

"Hapa pana nini?"

"Kwa mwanga huu panaonekana giza, Dokta. Ni vumbi. Ndiyo sababu nilitumia..."

"Nimekuuliza pana nini."

"Giza."

"Basi hakuna kitu. Futa hivyo vyote."

Swabrah akaomba kitu kimoja. Akachukua rimoti ya ile mashine ya picha, akatoa simu, akasema, "Dokta, naomba nikuonyeshe jambo dogo." Yule bwana akainua mkono. "Hapa si jumba la sinema, binti." Na wote wakacheka! Watu wazima, na shahada zao. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwanamke, Dokta Eseza, amekaa mwisho wa meza. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama ile picha ya chuma na nilimwona usoni kwamba ameona. Ameelewa kila kitu. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kukoroga chai ambayo sikuitia sukari. Kirunda nina hasira naye, lakini Eseza alinichoma zaidi, maana yeye alijua.

Nikashindwa. Nilisema kwa sauti, kutoka kule nyuma kwenye birika langu: "Ukungu ukifunika Wanale asubuhi, mnasema mlima umehama Mbale?"

Dirisha liko hapo, mlima wenyewe uko hapo, siku hiyo umejifunika nusu.

Dokta Kirunda akageuka polepole. "Mama, hicho Kiswahili chako tulikiacha na wanajeshi. Wewe mimina chai."

Upande huu wa mpaka wengi bado wanakihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari waliowanyanyasa zamani. Nilimimina. Nilitamani nimimine pale pasipo na kikombe.

Jioni Swabrah alikaa kwenye benchi la jikoni kwangu, hakula. Kirunda alikuwa amempa njia mbili: afute makaburi yote ya kwenye vumbi apite, au ayaache, naye Kirunda hatatia sahihi. Alikuwa ameamua kukataa. "Wallahi, mama Ivy, siwezi kuandika kwamba hayapo. Nimeyaona." Nikamwambia, "Kataa, mwanangu. Mimi niko nyuma yako na mwiko."

Ndipo baba yake alipopiga simu. Akasikia habari yote. Swabrah aliweka sauti kubwa, nami nikamsikia mzee akivuta pumzi upande wa pili.

"Binti yangu," akasema, "mwenye nguvu mpishe."

"Baba, ni uongo."

"Najua ni uongo. Sisi nchi hii tumeishi kwa kupisha. Babu yako alipisha, mimi nimepisha. Wakikufukuza utarudi Budondo na maneno matupu. Inama upite, halafu ukiwa upande wa pili, simama."

Sikumlaumu mzee, na sitamlaumu. Lakini nilimwona Swabrah akizima simu na uso wake umekuwa kama wa mtu aliyerudi kutoka kuzika.

Akafuta. Doa moja baada ya jingine, nimekaa naye hapo. Lile la ndani kabisa alilibakiza hadi mwisho. Alipolifuta, alikunja kompyuta akasema anaomba tu nimwache peke yake. Halafu akampigia mama yake, akamwambia ile picha ya ukutani waibandue, haina maana tena.

Akapita. Wakapiga makofi, nikapeleka maandazi. Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Alipoomba ile nafasi ya uzamivu, walimnyima. Sababu? Kazi yake ni nyembamba! Makaburi ni machache mno! Unamkata mtu miguu halafu unamwambia mfupi. Na aliyeandika neno hilo, "nyembamba," ni Kirunda mwenyewe, kwa mkono wake. Nilipoambiwa, nilizima jiko, nikaenda kutembea barabarani bila kwenda popote. Nafasi ikapewa mtu mwingine, na Swabrah akapewa kibarua cha kusaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara, kupanga lenzi na kuzifuta.

Hakulalamika. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Aliamka, akapanda teksi kwenda mjini, akafuta lenzi, akarudi.

Mwaka ukapita. Mwezi uliopita wakaniita tena na birika. Dokta Kirunda alikuwa na mhadhara, ukumbi umejaa. Anakohoa, anafurahi, ameleta jambo jipya kutoka nje. Akawasha picha ukutani, na mimi, hata nikiwa mbali, niliijua. Ni galaksi ile ile ya ndui.

"Wenzetu huko ng'ambo," akasema, "wametumia mwanga wa chuma. Tazameni. Hapa, chini ya huu mkono, kwa macho hakuna kitu, ni vumbi tupu. Lakini infraredi inapenya vumbi! Wamepata makaburi ya nyota ambayo salfa isingeyaonyesha kamwe. Hii ndiyo akili. Hivi ndivyo mnatakiwa kufikiri."

Nilidhani anatania. Nilimtazama usoni nikitafuta hata chembe ya aibu. Hakuna. Mtu yule alikuwa amesahau! Alikuwa amemkanyaga mwanadamu akaendelea na safari, hata hakukumbuka kwamba kiatu kiligusa kitu.

Na hakuishia hapo. Akamwona Swabrah amesimama ukutani na wanafunzi wake. "Swabrah, wewe si ulifanya kazi na galaksi hii? Jambo hili lilikupitaje?"

Jamani. Jamani!

Niliweka birika chini ili nisilirushe. Swabrah alitembea mpaka mbele, taratibu, akasimama karibu na ile picha, akaitazama kuanzia juu mpaka chini kama mtu anayekagua nyumba aliyowahi kuishi. Kisha akanyoosha kidole pale penye giza zito.

"Wamesahau moja," akasema. "Liko hapa."

Dokta Kirunda akacheka kidogo. "Umejuaje?"

"Uliniambia nilifute."

Mtu mmoja alikuwa anatafuna andazi, akaacha. Nikamwona Kirunda akitafuta kikohozi chake, hakuja nacho. Ndipo Dokta Eseza akasimama kule mwisho. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni kweli. Nilikuwepo. Lilikuwa hapo, na mengine haya yote yalikuwepo, na mimi nilinyamaza." Akakaa. Ulichelewa, dada, nikasema moyoni, lakini umefika.

Wakati wa chai Kirunda alimfuata Swabrah pale mezani kwangu. Hakuniona, watu wa namna ile hawamwoni mwenye birika. Sauti yake ilikuwa laini kama siagi.

"Swabrah, hilo doa ni jambo kubwa. Wale hawana, sisi tunalo. Lete zile picha zako tuandike pamoja, haraka. Jina langu litatangulia kidogo, unajua, kama msimamizi, halafu lako. Na ile nafasi ya uzamivu, tutaiangalia upya."

Hapo ndipo nilipoogopa. Maana ile nafasi ndiyo aliyoitaka maisha yake yote, na sasa imeletwa mezani, inanukia. Nikakumbuka sauti ya mzee: mwenye nguvu mpishe. Nikasubiri.

Swabrah alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini.

"Picha kubwa iko Jinja," akasema, "ukutani kwa baba. Niliwaambia waibandue, yeye akakataa. Aliniambia, wewe futa huko kwao, hapa kwangu hafuti mtu."

"Vizuri sana! Basi itabidi..."

"Lakini jina lako nitaliweka wapi, mwalimu? Pale ulisema hakuna kitu."

Akasema hivyo kwa adabu, kwa sauti ya chini, kama anavyozungumza siku zote. Kisha akanigeukia mimi. "Mama Ivy, nisaidie kikombe kingine, nimpelekee Dokta Eseza."

Nikammiminia. Dokta Kirunda alikuwa bado amesimama, amenyoosha kikombe chake kitupu, anasubiri zamu yake. Sasa aliniona. Nikafunga kifuniko cha birika, nikamwambia kwa Kiswahili changu hiki hiki cha wanajeshi kwamba chai imekwisha.